Wiki sita katika kituo cha mtikisiko wa ubongo, Ontario: tathmini ya mzazi

Binti yangu ana umri wa miaka 15 na ndiye kipa wa timu ya wasichana ya shule yake hapa Ontario, Kanada. Jumamosi moja ya mwezi Mei alitoka golini kuufuata mpira wa krosi, akaudaka vizuri, na papo hapo goti la mshambuliaji likamgonga juu ya sikio la kushoto. Hakuzimia. Aliinuka, akajipangusa nyasi, akaurusha mpira kwa beki wake, na mimi niliyekuwa nimesimama pembeni mwa uwanja nikampigia makofi. Dakika chache baadaye nilimwona akimwuliza beki huyo jambo, na yule beki badala ya kumjibu akageuka kumtazama kocha. Alikuwa ameuliza kama kipindi cha pili kimeshaanza, ilhali mchezo ulikuwa umebakiza dakika kumi kumalizika.

Kocha alimtoa hapohapo na hakumrudisha, ingawa mwenyewe alilia akisema yuko sawa. Ningekuwa mimi ndiye kocha, na ninalisema hili kwa aibu, ningemmwagia maji baridi kichwani nikamwacha aendelee, kwa sababu ndivyo tulivyofanyiwa sisi katika viwanja vya shule kule Tanga, na aliyerudi mchezoni akipepesuka alishangiliwa kuliko aliyefunga bao. Hapa sheria haimwachii kocha nafasi ya kusitasita. Ontario ina Sheria ya Rowan, iliyopitishwa mwaka 2018 na kupewa jina la Rowan Stringer, nahodha wa timu ya raga ya shule yake mjini Ottawa, aliyefariki mwaka 2013 akiwa na miaka 17 baada ya kugongwa kichwa zaidi ya mara moja katika siku chache, bila mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu naye kutambua kwamba ubongo wake ulikuwa tayari umeumia. Uchunguzi wa kifo chake, uliofanyika mwaka 2015, ulitoa mapendekezo 49. Sheria iliyozaliwa humo inamtaka kila mchezaji aliye chini ya miaka 26, mzazi wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, na kocha, wathibitishe kila mwaka kwamba wamesoma maelezo kuhusu mtikisiko wa ubongo. Mimi nilikuwa nimethibitisha. Nilibonyeza kitufe pasipo kusoma hata aya moja.

Kituo ninachokitathmini hapa ni kile tulichopewa rufaa baada ya siku hiyo. Kinahudumia watoto na vijana waliopata mtikisiko wa ubongo, kinaendesha madarasa kwa wazazi, walimu na makocha, na kinafanya utafiti kwa ridhaa ya wagonjwa wake. Sikitaji kwa jina kwa kuwa ninayo manung'uniko kadhaa, na wafanyakazi wake ni wachache kiasi kwamba ukisema "yule wa mapokezi" umeshamtaja. Niseme mapema tu msimamo wangu: matibabu yao ni mazuri, utaratibu wao wa utafiti una kasoro, na elimu wanayotoa ndiyo iliyomponya mtoto wangu kuliko kitu kingine chochote tulichopokea pale.

Ili hilo lieleweke, lazima nieleze tulivyoishi siku tisa za kusubiri miadi. Hospitalini, usiku ule wa Jumamosi, daktari alimmulika mboni za macho, akamkagua shingo, akampima nguvu za mikono na miguu, akauliza kama ametapika, kisha akaturuhusu kwenda nyumbani bila kumpiga picha ya kichwa. Nilikasirika kimoyomoyo. Mtu amegongwa kichwa katika nchi tajiri, mashine ipo ghorofa ya chini, halafu anarudishwa nyumbani na karatasi ya dalili za hatari: kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, mboni zisizolingana, degedege, mkono au mguu kulegea, usingizi mzito usio wa kawaida. Tulipofika nyumbani nikampigia mama yangu Tanga, ambako kulikuwa kumeshapambazuka. Baada ya shikamoo na marahaba hakunipa nafasi ya kueleza zaidi. "Mwanangu, huyo mtoto msimwache alale. Akilala na kichwa kilichogongwa haamki." Basi tukaweka kengele ya simu ilie kila saa. Mke wangu alimwamsha saa nane, nikamwamsha saa tisa, tukapokezana hivyo hadi kukakucha, na asubuhi tukaanza kujiuliza kwa nini mtoto ana hasira na kichwa kinamuuma zaidi ya jana.

Kisha tukamfungia chumbani. Nilikuwa nimesikia mahali fulani kwamba ubongo ulioumia unataka giza na ukimya, kwa hiyo tulishusha mapazia, tukamnyang'anya simu, tukawakataza wadogo zake wasicheke kwa sauti, na kwa siku tisa akawa kama mwali aliyewekwa ndani. Siku ya tano aliacha kula vizuri. Siku ya saba alimwambia mama yake kwamba hatacheza tena maishani, na kwamba marafiki wamemsahau.

Siku ya miadi, kasoro ya kwanza ilituvaa mlangoni. Ukumbi wa kusubiri wa kituo kinachotibu watu wasiostahimili mwanga na kelele una taa kali za mirija meupe na televisheni inayopiga kelele ukutani. Binti yangu alifunika macho kwa mtandio wa mama yake kwa dakika arobaini. Mvulana mmoja aliyekaa mkabala nasi alikuwa amevaa miwani ya jua na kuziba masikio kwa vidole, na mama yake alipoomba televisheni izimwe, akaambiwa rimoti haionekani. Nimelieleza jambo hili kwenye fomu yao ya maoni mara mbili. Hadi miadi yetu ya mwisho televisheni ilikuwa bado inawaka, ila walikuwa wameishusha sauti.

Ndani, hata hivyo, ilikuwa nchi nyingine. Muuguzi aliyetupokea alizima taa za dari, akawasha taa ndogo ya mezani, akamgeukia binti yangu kabla ya kutugeukia sisi wazazi, akamwomba asimulie mwenyewe anachokumbuka. Alikaa nasi karibu saa mbili. Mke wangu hajaishi Kanada muda mrefu na hujieleza vizuri zaidi kwa Kiswahili, kwa hiyo kituo kilimpatia mkalimani kwa njia ya simu, Mkongo mmoja muungwana aliyetuita "mama" na "papa" tangu mwanzo hadi mwisho. Walitumia dodoso lenye dalili 22, kila moja ikipewa alama kuanzia 0 hadi 6, hivyo jumla ya juu kabisa ni 132. Binti yangu alijaza lake, na mama yake akaulizwa anachokiona nyumbani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa naye mchana kutwa.

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu vilipita bila shida. Walipofika kwenye ile dalili ambayo Waingereza huielezea kama kuwa ndani ya ukungu, mkalimani akaitafsiri hivyohivyo: je, mtoto anaona ukungu? Mke wangu akajibu kwamba hapana, macho yake yanaona vizuri, anasoma hata maandishi madogo ya kwenye pakiti ya maziwa. Muuguzi akaandika sifuri. Mimi nikataka kuingilia, lakini muuguzi mwenyewe alihisi jambo, akaweka kalamu chini, akamwambia mkalimani amwombe mama aeleze kwa maneno yake mtoto amebadilika vipi. Mke wangu akafikiri kidogo, akasema: "Anazubaa. Namtuma kikombe, anafika jikoni anasimama, kama mtu aliyeamshwa usingizini akaulizwa habari ya mjini." Mkalimani alicheka, akaieleza sentensi yote neno kwa neno, na ile sifuri ikafutwa ikawa 5. Muuguzi akauliza neno hilo linaandikwaje. Miadi iliyofuata alimwuliza mke wangu, kwa Kiswahili chake cha neno moja, "Kuzubaa?", na mke wangu akajibu kwa kuonyesha vidole vitatu.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu ndani yake mna ubora wa kituo na upungufu wake pia. Mtikisiko wa ubongo ni jeraha lisiloonekana kwa macho wala kwa picha ya kawaida, na karibu kila kinachojulikana kulihusu kinategemea mgonjwa na jamaa zake kulieleza. Muuguzi huyo alijua kusikiliza. Lakini kijitabu cha elimu alichotupa mwishoni kinapatikana kwa Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine kadhaa, na Kiswahili hakimo, katika jimbo ambalo familia zinazozungumza Kiswahili kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania hazihitaji kutafutwa kwa tochi.

Jumla ya alama zake siku hiyo ilikuwa 47. Vipimo vilivyofuata vilikuwa vya kawaida kiasi cha kuonekana kama michezo ya watoto: kusikiliza orodha ya maneno na kuyarudia, kisha kuulizwa tena baadaye bila kutarajia, kutaja tarakimu kinyumenyume, kutaja miezi kuanzia Desemba kurudi Januari, kutembea kisigino kikigusa vidole juu ya utepe wa mita 3 uliobandikwa sakafuni, kwenda na kurudi. Binti yangu, ambaye huruka kutoka mlingoti hadi mlingoti, aliukosa utepe mara nne. Hapo ndipo hasira yangu ya kukosa picha ya kichwa ilipoanza kuisha, kwa sababu daktari wa kituo alieleza jambo ambalo hospitalini hawakuwa na muda wa kulieleza. Picha ile hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko hauvunji mfupa wala kumwaga damu inayoonekana. Unavuruga utendaji wa seli. Picha ingetoka safi, nami ningerudi nyumbani nimeridhika, mtoto akiwa amepigwa mionzi bure na bado ni mgonjwa.

Daktari alichukua pia karatasi ya hospitali na kutuonyesha hesabu ndogo iliyofanywa pale, ya kukadiria hatari ya dalili kudumu kwa wiki kadhaa. Inatokana na utafiti ulioongozwa na daktari Roger Zemek wa hospitali ya watoto ya Ottawa, uliochapishwa mwaka 2016 baada ya kufuatilia watoto 3,063 waliofikishwa katika idara 9 za dharura za Kanada, na ambao ulionyesha kwamba karibu asilimia 30 yao walikuwa bado na dalili baada ya siku 28. Hesabu hiyo ina alama 12. Kuwa msichana ni alama 2. Kuwa na miaka 13 au zaidi ni 2 nyingine. Kwa hiyo binti yangu alikuwa na alama 4, na ameshaingia katika kundi la hatari ya kati, kabla hajafungua kinywa. Uchovu ulimwongezea 2, maumivu ya kichwa 1, kutostahimili kelele 1. Alama 8, mwisho kabisa wa kundi la kati, hatua moja kabla ya kundi la juu. Nilipenda kwamba tuliambiwa waziwazi. Tungeahidiwa siku kumi, siku ya kumi na moja ingetuvunja moyo.

Sasa nifike kwenye darasa. Kila Jumatano jioni kituo hukusanya wazazi, walimu na makocha katika chumba kimoja kwa saa moja na nusu, bila malipo, na huhitaji kuwa na mgonjwa ili uhudhurie. Mwalimu wetu, mtaalamu wa tiba ya kazi, yaani anayewasaidia wagonjwa kurudia shughuli zao za kila siku, mwenye sauti ya mtangazaji, alianza kwa kutumbukiza yai bichi katika chupa pana yenye maji, akafunga kifuniko, akaitikisa kwa nguvu. Ganda halikuwa na ufa hata mmoja. Akalivunja yai bakulini atuonyeshe kiini kilivyopasuka ndani, na kiini kikateremka kizima kabisa, cha mviringo, kama cha kukaanga. Chumba kizima kikacheka. Akachukua yai la pili, akatikisa kwa muda mrefu zaidi, na safari hii kilipasuka. Wengine wangeona aibu. Yeye akasema kwamba hata vichwa ndivyo vilivyo, pigo hilohilo humwacha mmoja salama na kumwumiza mwingine, kisha akatuonya tusiliamini sana yai, kwa kuwa katika mtikisiko hakuna kitu kilichopasuka ambacho ungekiona ukifungua.

Kinachotokea, alieleza, ni kwamba seli za ubongo huvutwa na kunyongwa kwa nukta moja, na milango yake ikafunguka ovyo. Potasiamu iliyopaswa kubaki ndani hutoka, kalsiamu iliyopaswa kubaki nje huingia, na seli hulazimika kutumia nguvu nyingi kurudisha kila kitu mahali pake, wakati ambapo damu inayoleta nguvu hiyo imepungua. Ubongo unabaki na matumizi makubwa na kipato kidogo. Ndiyo maana kusoma ukurasa mmoja kunachosha kama kupanda mlima, na ndiyo maana pigo la pili katika kipindi hicho ni la hatari hata likiwa dogo. Usiku huo nilimweleza mama yangu kwa mfano nilioutunga njiani: ni nyumba iliyobakiza uniti chache za luku, umeme wa kulipia kabla, na watoto wamewasha pasi, jokofu na televisheni kwa pamoja. Alinyamaza kidogo. "Basi mwacheni alale," akasema, "uniti zirudi."

Katika darasa hilohilo nilijifunza kwamba mama yangu hakuwa peke yake katika kuogopa usingizi. Wazazi wa Kifilipino, wa Kisomali na wa Kikanada wa vizazi vitano walikuwa wameweka kengele za simu vilevile. Mtoto akishachunguzwa na kuonekana hana dalili za hatari, usingizi ni matibabu. Nilijifunza pia kwamba chumba cha giza kimepitwa na wakati. Mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mtikisiko katika michezo uliofanyika Amsterdam mwezi Oktoba 2022, ambao ni wa sita tangu ule wa kwanza wa Vienna mwaka 2001, ulisisitiza katika tamko lake la mwaka 2023 kwamba mapumziko yawe ya kiasi na ya saa 24 hadi 48 tu, kisha mtu aanze kutembea na kufanya kazi nyepesi za kila siku hata kama dalili hazijaisha, mradi zisizidi sana. Kuhusu simu, mwalimu alitaja utafiti wa Marekani wa mwaka 2021 uliohusisha vijana 125 wa miaka 12 hadi 25: walioambiwa wakae mbali na skrini kwa saa 48 za mwanzo walipona kwa wastani wa kati (yaani muda ambao nusu yao walikuwa wameshapona) wa siku 3.5, na walioruhusiwa kuzitumia, siku 8. Nikapiga hesabu yangu. Sisi tulikuwa tumepatia siku mbili na kukosea siku saba. Hakuna aliyetukemea, na nadhani hapo pana ufundi, kwani mzazi anayeona haya huacha kuuliza.

Niliuliza swali lililokuwa limeninyima usingizi. Usiku wa tatu baada ya ajali nilikuwa nimesoma habari za Bennet Omalu, daktari Mnaijeria ambaye mwaka 2002, mjini Pittsburgh, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji maarufu wa futiboli ya Kimarekani aliyefariki akiwa na miaka 50, na kuona ndani yake uharibifu ambao haukuwa umewahi kuelezwa kwa wachezaji wa mchezo huo. Nilikuwa nimeshamwona binti yangu akiwa mama wa makamo asiyejua jina lake. Mwalimu alinijibu kwa utaratibu kwamba ugonjwa ule unahusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi kwa miaka mingi, kwamba hadi sasa huthibitishwa kwa kuuchunguza ubongo baada ya kifo, na kwamba mtikisiko mmoja uliotunzwa vizuri ni habari nyingine. Hakunipa hakikisho asiloweza kulitimiza. Alinipa kipimo cha hofu yangu, nikalala.

Tiba yenyewe ilinishangaza. Nilitarajia vidonge, tulipewa mashine ya kukimbilia. Binti yangu alifungwa mkanda wa kupima mapigo ya moyo kifuani, akaanza kutembea kwa mwendo wa zaidi kidogo ya kilometa 5 kwa saa, na kila dakika mashine ikainuliwa asilimia 1 kama kilima kinachokua, huku fundi akimwuliza kila mara dalili zake ziko wapi kati ya 0 na 10. Alianza na 2. Dakika ya tisa akasema 5, na mashine ikasimamishwa hapohapo, mapigo yakiwa 148. Kipimo hiki kilibuniwa na John Leddy na Barry Willer wa Chuo Kikuu cha Buffalo, ng'ambo tu ya mpaka, na lengo lake si kumchosha mgonjwa bali kuupata mstari ambao ubongo wake unaanza kulalamika. Dawa aliyoandikiwa ilikuwa asilimia 80 hadi 90 ya mapigo hayo, yaani kati ya 118 na 133, kwa dakika 20 kila siku. Utafiti wa Leddy na wenzake wa mwaka 2019, uliohusisha vijana 103, ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi ya namna hii walipona kwa siku 13 za wastani wa kati, na waliofanya ya kunyoosha viungo tu, siku 17. Daktari alitutajia tarakimu hizo bila mbwembwe. Tofauti ya siku nne si muujiza, lakini kwa mtoto aliyekuwa amefungiwa gizani, ruhusa ya kutoka nje ilikuwa na thamani isiyopimika kwa siku. Kuanzia kesho yake walipanda na kushuka kilima cha nyuma ya jengo letu, yeye na mama yake, saa ya mkononi ikilia kila mapigo yalipovuka 133, na mama mtu ndiye aliyekuwa akihema.

Kizunguzungu kilitibiwa kando, na mtaalamu wa viungo anayejua mambo ya sikio la ndani na macho. Zoezi lenyewe ni kukazia macho herufi moja iliyoandikwa kwenye kadi na kugeuza kichwa kushoto na kulia bila kuiachia. Kulitazama linachekesha, kulifanya akiwa na mtikisiko kulimtapisha siku ya kwanza. Hapa ndipo pesa zinapoingia. Daktari hulipiwa na kadi ya afya ya jimbo, lakini tiba hii sisi tuliambiwa tulipie, na bima ya kazini kwangu ilibeba sehemu tu. Jambo hilo tulilijua baada ya kikao cha kwanza kwisha. Wangelisema kabla. Maegesho nayo ni ya kulipia, na ghali.

Shule ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, kwa kuwa kituo kiliandika barua inayosema mambo yanayotekelezeka: nusu siku kwa wiki ya kwanza, kukaa mbali na dirisha, kupumzika dakika kumi kila saa, mitihani iahirishwe. Mwalimu wa hisabati ambaye hakuamini alikuja mwenyewe kwenye darasa la Jumatano. Sijui alisikia nini, ila baada ya hapo hakumsumbua tena.

Katika utafiti ndipo walipoteleza. Siku ya kwanza kabisa, tukiwa bado ukumbini chini ya zile taa, msichana mmoja mwenye bidii alitujia na fomu ya ridhaa ya kurasa kumi na moja, akiomba binti yetu ajiunge na mradi wa kufuatilia usingizi na mapigo ya moyo. Daktari tulikuwa hatujamwona. Mke wangu alidhani kwamba bila kutia saini hatutahudumiwa, na hakuwa peke yake, kwani hata mimi ninayekisoma Kiingereza kila siku ilinichukua muda kuikuta ile sentensi ya ukurasa wa saba isemayo kwamba kukataa hakuathiri matibabu. Tulikataa. Siku ya pili daktari alitueleza mradi kwa utulivu, kwa msaada wa mkalimani, na binti yangu mwenyewe akaamua kujiunga, maana karibu kila tarakimu iliyomsaidia ilitoka kwa watoto waliokubali kabla yake. Ombi ni lilelile. Kilichobadilika ni mahali na wakati. Tuliahidiwa muhtasari wa matokeo, na bado tunausubiri.

Kwa anayekwenda: piga simu asubuhi mapema, kwa sababu baada ya saa nne simu haipokewi, omba mkalimani unapopanga miadi, usisubiri ufike, uliza gharama ya kila kikao kabla, chukua miwani ya jua kwa ajili ya ukumbi, na Jumatano nenda na yeyote anayemtunza mtoto, hata bibi. Mimi nimeanza kumtumia kaka yangu Tanga mafunzo hayo kwa sauti za WhatsApp, kwa kuwa mwanawe anaendesha bodaboda na ameshaanguka mara mbili, na mara zote mbili alirudi barabarani siku ileile.

Kurudi mchezoni kuna hatua sita, kila moja ikichukua angalau saa 24, na hakuna kugusana na mchezaji mwingine mpaka dalili ziishe hata wakati wa mazoezi na daktari atoe kibali cha maandishi. Wiki ya tano alikuwa anadaka mipira ya kurushiwa kwa mkono. Wiki ya sita kibali kikatoka, na kocha akakisoma mara mbili kabla ya kumkabidhi glavu. Katika miadi ya mwisho alijaza tena lile dodoso la dalili 22, na jumla ikawa 2 kati ya 132, zote mbili katika mstari wa kuchelewa kupata usingizi. Muuguzi alimtazama mke wangu. Mke wangu akasema, na mkalimani akatafsiri kwa uaminifu, kwamba hizo hazikuletwa na goti la mtu, alikuwa nazo tangu siku aliyonunuliwa simu.